Digrii ya Biashara kwa Mshahara wa Changamwe: Hesabu ya Yuniti 40

Anayetaka kusomea digrii ya biashara huku akifanya kazi huuliza kwanza karo ni pesa ngapi kwa muhula. Swali hilo lina haki yake, lakini kwa mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe ni heri hesabu ianzie kwenye mshahara, kisha ipite barabarani, ndipo ifike chuoni.

Novemba 2024 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Mombasa hadi Sh16,113.75 kwa mwezi. Ukiongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, unapata Sh18,531. Hapo hukatwa asilimia 6 ya akiba ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kodi ya mapato haimgusi mtu wa kiwango hiki. Kinachomfikia mkononi ni kama Sh16,631.

Sasa tumpangie matumizi ya kubana kabisa: chumba kimoja Sh4,000, chakula Sh6,000, nauli ya kazini Sh60 kwenda na Sh60 kurudi kwa siku 26, yaani Sh3,120, halafu maji, stima na simu Sh1,200. Jumla Sh14,320. Anabakiwa na Sh2,311 kwa mwezi, au Sh27,732 kwa mwaka, na hapo hajaugua, hajatuma pesa nyumbani wala hajachangia mazishi ya mtu.

Karo nayo? Namba nitakayoitumia ni ya mfano tu, si bei ya chuo chochote, na kila msomaji aiondoe aweke ya chuo anachokilenga: Sh40,000 za masomo kwa muhula, pamoja na Sh6,000 za zile ada ndogondogo ambazo matangazo hayazitaji, yaani usajili, mtihani, maktaba, kitambulisho na chama cha wanafunzi. Hiyo ni Sh46,000. Digrii ya miaka 4 ina mihula 8, kwa hiyo jumla ni Sh368,000. Tuseme ina yuniti 40, tano kila muhula. Basi yuniti moja inagharimu Sh9,200, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi na kuibeba kila ofisi ya usajili utakayoingia. Bei ya muhula hudanganya kirahisi, kwa sababu chuo kimoja huweka yuniti tano katika muhula, kingine saba, kingine kina mihula mitatu kwa mwaka. Ukigawa kwa yuniti, vyote vinasimama mstari mmoja.

Kwa mwaka, yuniti 10 ni Sh92,000, au Sh7,667 kila mwezi. Kwa yule wa kima cha chini hiyo ni asilimia 46 ya pesa anazopokea. Haiwezekani, na mtu asimwambie kwamba ajikaze. Kwa karani wa ghala au wa kampuni ya mizigo huko Changamwe mwenye mshahara wa Sh35,000 kabla ya makato, mambo ni tofauti. Kwa viwango vya makato na kodi vya 2025, anapokea kama Sh29,559, na Sh7,667 ni asilimia 26 ya hizo. Ni mzigo, lakini mtu mwenye nia na asiye na madeni mengine anaweza kuubeba.

Hali ya kulipa gharama yote mwenyewe haikuanza jana. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu cha umma kupitia serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Ndipo mfanyakazi mwenye umri wa miaka 30 alipopata nafasi ya kusoma jioni na wikendi, kwa bei ya mtu asiye na ruzuku. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 nao umebuniwa kwa wanaopangiwa vyuo na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, si kwa anayejiandikisha mwenyewe masomo ya jioni.

Tuje barabarani, ambako Mombasa haifanani na mji mwingine wowote nchini. Vyuo vikuu vingi vya hapa viko kisiwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kiko Tudor, na bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi liko mjini. Watu wengi wa kipato cha chini wanalala bara, ng'ambo ya maji, na kila sehemu ya bara ina mlango wake: Kisauni ina Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980, Changamwe ina njia ya Makupa, na Likoni ina feri.

Chukua anayeishi Mtopanga na kufanya kazi Bamburi. Maisha yake yote yako upande mmoja wa Daraja la Nyali. Darasa la jioni linamlazimu avuke makusudi, aende na arudi. Kwa nauli ya Sh120 kwa jioni, jioni 3 kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, mihula 8, atatoa Sh43,200. Hizo ni karibu muhula mzima wa karo, na hazimo katika karatasi yoyote ya chuo. Sasa chukua anayeishi Mtongwe na kufanya kazi Changamwe. Ikiwa hapiti barabara ya Dongo Kundu, kila jioni analazimika kupita kisiwani ili afike kwenye feri, ambayo mwenda kwa miguu huivuka bila malipo. Darasa liko njiani mwake. Nauli ya ziada ni ndogo sana, pengine haipo. Anacholipa ni usiku: kipindi kikiisha saa mbili na nusu, asimame kwenye kivuko, avuke, apande matatu nyingine, na alfajiri anarudi njia ile ile.

Kwa hiyo chuo kilicho rahisi kwa jirani yako kinaweza kuwa ghali kwako, ingawa karo ni ile ile. Chora njia yako ya kila siku kwanza, halafu uangalie ni chuo gani kiko juu yake.

Masomo ya mtandaoni yanaonekana kuimaliza shida hii. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kenya ilingoja hadi Agosti 2023 kukipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza, na miongoni mwa digrii zake za mwanzo kuna ya biashara na ujasiriamali. Nimefurahi kwamba kipo, na ningependa watu wa Kisauni wakitazame kwa makini. Ila kuna hesabu yake. Bando la Sh1,000 kwa mwezi, miezi 4 ya muhula, mihula 8, ni Sh32,000. Kompyuta ya mkononi ya mitumba tuipe Sh25,000. Jumla Sh57,000, ambazo zinazidi nauli ya yule wa Mtopanga kwa Sh13,800. Faida yake iko kwenye muda. Kama safari na foleni zilikula saa moja na nusu kwa jioni, mihula 8 inamrudishia saa 540. Mama mwenye watoto wadogo, au askari wa zamu ya usiku, anaweza kuona saa hizo zina thamani kubwa kuliko tofauti ya pesa. Asiye na mahali tulivu pa kusomea chumbani mwake asidhani kwamba mtandao utamfaa zaidi.

Kuna njia ya tatu, ya ngazi: stashahada kwanza, kisha digrii. Kenya Coast National Polytechnic iko upande wa bara, Barabara ya Kisauni, kwa hiyo mtu wa Bakarani au Mwandoni havuki daraja lolote. Anayeingia stashahada kwa kawaida anahitaji alama ya C- katika KCSE, ilhali digrii inataka C+, na kwa wengi hilo ndilo lililowazuia tangu mwanzo. Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya ufundi kuwa Sh56,420 kwa mwaka, ikatoa ruzuku ya Sh30,000, mwanafunzi akabaki na Sh26,420. Linganisha na ile akiba ya kibarua wetu: Sh27,732 kwa mwaka. Kwa bei ile angeweza, ingawa kwa taabu. Mfumo wa 2023 uliweka gharama ya mwaka kuwa Sh67,189, na sehemu itakayomwangukia mwanafunzi inategemea ufadhili na mkopo atakaopewa.

Ngazi hii huokoa pesa kwa sharti moja: digrii iitambue stashahada yako kwa yuniti za kutosha. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zinaruhusu kuhamisha yuniti hadi asilimia 49, yaani 19 kati ya 40. Tuchukue stashahada ya miaka 3 ambayo mwanafunzi alilipia Sh26,420 kwa mwaka, Sh79,260 kwa jumla. Chuo kikimtambulia yuniti 19, zinabaki 21 za Sh9,200, ambazo ni Sh193,200. Njia yote inamgharimu Sh272,460, pungufu ya ile Sh368,000 kwa Sh95,540. Chuo kikimtambulia yuniti 10 tu, njia yote inafika Sh355,260, akiba inashuka hadi Sh12,740, na miaka imeongezeka. Na kama stashahada aliilipia mwenyewe bila ruzuku, kwa Sh67,189 kwa mwaka, basi hata kwa yuniti 19 anafika Sh394,767. Ngazi imekuwa ghali kuliko kuruka.

Ndiyo maana ningemshauri mtu asijiandikishe stashahada yoyote kabla ya kwenda chuo kikuu anachokitaka na kupata barua inayotaja yuniti zitakazotambuliwa, moja baada ya nyingine. Ahadi ya mdomo ya afisa wa usajili haina nguvu miaka 3 baadaye, afisa akiwa ameshahama.

Mkopo nao una bei zake. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa 1995, huwatoza wanafunzi wa digrii riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kwa walioajiriwa ina mkopo wake uitwao Jielimishe. Sako inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa mkopo wa Sh92,000 wa mwaka mmoja, itakukata kama Sh8,174 kila mwezi, na riba yote itakuwa takriban Sh6,100. Hiyo inavumilika. Mkopo wa simu ni jambo jingine. M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akikopa Sh40,000 kwa bei hiyo ili aingie chumba cha mtihani, kisha auhuishe mkopo miezi 4, atakuwa amelipa Sh12,000 za ada huku deni likiwa lile lile. Bora aahirishe muhula, au asome yuniti tatu badala ya tano, mradi chuo kinaruhusu kulipa kwa yuniti.

Kuhusu tawi lenyewe: hakikisha digrii na bewa vimeidhinishwa na Tume. Mwaka 2016 Tume hiyo ilikiamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi yake kadhaa, na mwanafunzi mwenye kazi katika mji mmoja hawezi kulifuata darasa lake katika mji mwingine.

Na malipo ya jasho lote hilo? Karani wetu akipandishwa kutoka Sh35,000 hadi Sh45,000, hapokei Sh10,000 zaidi. Baada ya makato na kodi, nyongeza inayomfikia ni kama Sh6,328. Kama alitumia Sh368,000 za karo na Sh43,200 za nauli, itamchukua miezi 65, miaka 5 na miezi 5, kurudisha Sh411,200 zake. Mwenye miaka 27 ana nafasi tele ya kuzirudisha na kuvuna zaidi. Mwenye miaka 48 aulize kwanza kazini kwake, kwa maandishi, kama cheo anachokitaka kinahitaji digrii kweli, au cheti cha uhasibu cha CPA cha KASNEB kingetosha.