Kilo na Zaidi Juu ya Prosesa

Kipoza hewa cha NH-D15, kilichotolewa na kampuni ya Noctua ya Austria mwaka 2014, kina uzito wa gramu 1,320 pamoja na feni zake mbili, na kimo cha milimita 165. Mzigo huo wote hukaa juu ya prosesa ambayo, kwa zile za Ryzen za kampuni ya AMD, haizidi milimita 40 kila upande. Tena haukai kwa kulala. Kompyuta nyingi za mezani husimama wima, kwa hiyo kipoza huning'inia ubavuni mwa madabodi mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana ufungaji wake unastahili muda na utulivu.

Ukubwa huo una sababu. Prosesa ya Core i9-13900K, iliyotolewa na Intel mwaka 2022, inaruhusiwa kuvuta hadi wati 253 inapofanya kazi nzito, na umeme huo karibu wote huishia kuwa joto. Likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguza kasi ili isiungue. Mtu anayehariri video akaona kompyuta inaburuta bila sababu huenda anadhani imezeeka, kumbe inatafuta tu pa kutolea joto.

Katika NH-D15, kazi ya kulitoa hufanywa na mabomba sita ya shaba. Kila bomba limezibwa pande zote, na ndani mna kimiminika kidogo tu katika shinikizo la chini. Upande unaogusa prosesa, kimiminika hicho hugeuka mvuke; mvuke hukimbilia kwenye mapezi ya alumini, hupoa, hurudi kuwa kimiminika, kisha hunyonywa kurudi upande wa prosesa na kuta za bomba zenye vinyweleo. Hakuna pampu wala umeme unaotumika humo. Mwaka 1963 mwanasayansi George Grover aliunda mabomba ya aina hii katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na baadaye yakatumika kusawazisha joto kwenye satelaiti.

Feni nazo hupuliza hewa ya chumbani tu, haziitengenezi baridi. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 32 alasiri, prosesa haiwezi kushuka chini ya hapo hata kwa kipoza hewa cha bei yoyote.

Kabla ya kushika bisibisi, shika rula. Kasha lazima liwe na nafasi ya kutosha kutoka kwenye prosesa hadi mfuniko wa ubavuni. Halafu zitazame RAM. Chini ya feni ya mbele ya NH-D15 kuna milimita 32 tu, ilhali RAM nyingi zenye taa na mapambo hupita 40. Feni hiyo inaweza kupandishwa juu kidogo, lakini ikipanda, kimo cha kipoza kizima huongezeka, na hesabu ya kasha inabidi irudiwe. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama, wakati fedha zimeshatoka mfukoni.

Waya wa umeme wa prosesa, unaoingia kwenye kona ya juu ya madabodi, uchomekwe mapema. Kipoza kikishakaa, mkono haupiti tena.

Kwenye madabodi za AMD, vishikio vya plastiki vya mbele hutolewa, ila bamba la chuma la nyuma hubaki, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo. Kwenye soketi ya AM4 bamba hilo huanguka skrubu nne zikilegezwa, basi lishikwe kwa mkono mwingine. Kisha hufungwa vyuma vya kukalia kipoza.

Pesti ya joto huwekwa tone moja dogo katikati ya prosesa, kubwa kama punje ya choroko. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo ambayo jicho halioni, ambako hewa ingebaki na kuzuia joto. Kinga iliyo chini ya kipoza iondolewe. Ikisahauliwa, joto hupanda ndani ya dakika chache.

Feni ya katikati hutolewa kwanza, maana skrubu mbili zimejificha kati ya minara miwili ya mapezi. Zikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, hadi zisimame zenyewe. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, kipoza huinama na pesti hukimbilia upande mmoja. Mwishoni feni hurudishwa, zote zikisukuma hewa kuelekea nyuma ya kasha, na nyaya zake huchomekwa kwenye sehemu ya feni ya prosesa.

Kompyuta ikisafirishwa mbali kwa basi, ni bora kipoza kikatolewa kabisa. Kwa AM4, hilo lina hatari yake: prosesa ina pini 1,331 chini yake, na pesti iliyokauka huweza kuing'oa pamoja na kipoza, pini zikapinda. Iwashwe kwanza kwa kazi nzito ili pesti ilainike, izimwe, umeme uchomolewe, kisha kipoza kizungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Katika AM5, iliyokuja mwaka 2022, AMD ilihamishia pini kwenye soketi na kuibana prosesa kwa fremu ya chuma, hivyo kipoza hakiwezi tena kuondoka nayo.