Naftali Temu wa Nyamira: Ushindi wa Miaka Miwili

Katika vilima vya Gusii watu walikwisha kuzoea kusikia habari za wakimbiaji wao kabla Kenya haijapata uhuru. Nyantika Maiyoro alikwenda Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba katika mbio za mita 5,000, na miaka minne baadaye huko Roma akawa wa sita. Arere Anentia naye alirudi kutoka Cardiff mwaka 1958 na nishani ya shaba aliyoipata katika maili sita. Hao ndio waliofyeka njia. Aliyefuata nyuma yao, Naftali Temu, aliwapita wote kwa ushindi, lakini siku za ushindi wake zilikuwa chache mno.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 upande wa Nyamira, ambao siku hizi ni kaunti ya peke yake. Akaingia jeshini, na alipokuwa na umri wa miaka 19 tu alichaguliwa kwenda Tokyo katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Huko hakufanikiwa. Mbio za mita 10,000 hakuzimaliza, na katika marathoni alikuwa wa 49. Watu wachache wangemtazama kijana huyo wakati ule wakadhani kwamba miaka minne tu ilikuwa imebaki kabla ya kuupata ushindi ambao hakuna Mkenya aliyekuwa ameupata.

Dalili ya kwanza ilionekana Kingston, mji mkuu wa Jamaika, Agosti 1966, katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola. Mtu aliyetazamiwa kushinda maili sita alikuwa Ron Clarke wa Australia, na si ajabu, kwa maana mwaka uliotangulia huyo Clarke alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, mwendo ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuufikia. Siku hiyo kulikuwa na joto kali la kisiwani. Temu, mwenye miaka 21, alimwacha Clarke nyuma kwa zaidi ya sekunde 20. Katika mbio za namna ile hiyo si tofauti ndogo. Mshindi alikuwa amekwisha maliza na kuanza kutweta wakati wa pili wake alipokuwa bado yumo katika mzunguko.

Kisha ikaja Mexico. Mji huo uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni haba kwa mtu aliyelelewa nchi za chini. Mbio za mita 10,000 zilikimbiwa tarehe 13 Oktoba 1968, na mwendo wake ulikuwa wa polepole, kila mmoja akiogopa kuishiwa pumzi. Wakazunguka wakazunguka, na kundi la mbele likazidi kupungua. Kipchoge Keino aliyekuwa akiugua tumbo alianguka pembeni mwa njia zikiwa zimebaki duru chache, na walipomletea machela akainuka akaendelea kukimbia mpaka mwisho, ingawa kwa sheria alikuwa amekwisha tolewa. Clarke naye akaachwa. Alifika wa sita, akaanguka chini akapewa hewa ya oksijeni. Katika duru ya mwisho walibaki Mamo Wolde wa Ethiopia mbele na Temu nyuma yake. Wolde alichomoka kwa nguvu akaonekana kama kwamba ameshinda. Temu hakuhangaika. Alimfuata kidogo kidogo, akamshika na kumpita zikiwa zimebaki kama mita 50 tu, akamaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sita ya kumi ya sekunde, na wa tatu alikuwa Mohammed Gammoudi wa Tunisia.

Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kuletwa Kenya. Wilson Kiprugut alikuwa ameleta ya shaba kutoka Tokyo, na siku chache baada ya Temu, Amos Biwott na Keino nao walipata dhahabu zao huko huko Mexico. Lakini wa kwanza alikuwa kijana wa Nyamira.

Yafaa kutazama aliyoyafanya baada ya hapo. Tarehe 15 alikimbia mchujo wa mita 5,000. Tarehe 17 akakimbia fainali yake, akapata nishani ya shaba nyuma ya Gammoudi na Keino, na watatu hao walifika karibu pamoja. Tarehe 20 akaingia katika marathoni, akawa wa 19. Yaani mbio nne kwa muda wa siku nane, mahali ambapo hewa ni haba, na mojawapo ni ya zaidi ya kilomita 42. Mkulima yeyote wa Kisii ajua kwamba ng'ombe wa jembe hafungwi nira kila siku hata kama ana nguvu. Katika riadha ya siku zile mambo hayo hayakuangaliwa sana.

Baada ya Mexico miguu ya Temu haikuwa tena ile. Mwaka 1972 alikwenda Munich kuitetea dhahabu yake, naye hakuvuka hata mchujo. Alikuwa na miaka 27. Jambo la kusikitisha ni kwamba wale alioshindana nao Mexico, wote wakubwa kwake, walikuwa bado wana nguvu. Keino, aliyemzidi Temu miaka mitano, alipata dhahabu moja na fedha moja. Gammoudi alipata fedha katika mita 5,000. Wolde, mtu wa miaka 40, alipata shaba katika marathoni. Aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyerudi mikono mitupu.

Gusii haikukosa shangwe mwaka ule, maana katika kikosi cha Kenya kilichoshinda dhahabu ya mita 400 mara nne walikuwamo Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, watatu kati ya wanne, wote watu wa huko. Vigelegele vilipigwa kwa ajili yao, kama ilivyostahili. Mwaka uliofuata Temu aliacha mbio akiwa na miaka 28.

Wakati ule sheria za riadha hazikumruhusu mkimbiaji kupokea fedha kwa kushindana. Nishani ilikuwa heshima, wala haikujaza ghala. Mshahara wa askari ndio uliokuwa riziki. Rais Jomo Kenyatta alimpa Temu shamba la ekari 22 huko Borabu, katika nchi ya Mugirango Kaskazini, na huko ndiko alikokwenda kukaa. Kwa mtu wa Gusii, ambako mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena kati ya ndugu hata yakawa vipande vidogo, ekari 22 ni mali kubwa, na pengine ilimfaa kuliko sifa za magazetini. Alifariki Nairobi tarehe 10 Machi 2003 kwa ugonjwa wa kansa ya tezi dume, akiwa na miaka 57.

Tangu siku ile ya Mexico Kenya imepata dhahabu nyingi za Olimpiki, na wakimbiaji wake wamejulikana dunia nzima. Paul Tergat aliifukuzia ile ya mita 10,000 huko Atlanta mwaka 1996, na tena Sydney mwaka 2000, ambako Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimshinda kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Wengine wamejaribu baada yake. Hata michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, upande wa wanaume Kenya ilikuwa bado na dhahabu moja tu ya mita 10,000, nayo ni ile ya Temu.