Karakana ya Mchongaji Ielekee Kaskazini na Kusini

Viwanja vingi vya Mbagala na Bunju, Dar es Salaam, hubaki na kipande cha ardhi uani, kati ya mwembe na ukuta wa jirani. Kinamtosha mchongaji wa vinyago aliyechoka kugombea nafasi kwenye soko la vinyago la Mwenge. Tatizo ni kwamba fundi huipanga karakana kwa kufuata mpaka wa kiwanja, na jua linasahaulika kabisa.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Katikati ya miezi hiyo hukaa kaskazini, na kufikia Juni 21, adhuhuri, huwa limeinama nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba huinama nyuzi 17 tu, upande wa kusini. Kwa hiyo upenu wa sentimita 60 upande wa kusini hutia ukuta kivuli cha mita 2 kwenda chini wakati wa adhuhuri, lakini upenu huohuo ukiuweka kaskazini kivuli chake huishia mita 1, na jua la Juni linapiga dirishani moja kwa moja. Kaskazini panataka mita 1.2, yaani kibaraza kamili, na hapo mchongaji anapata pa kukalia na tezo yake. Mashariki na magharibi jua huja likiwa chini mno hata upenu usifae kitu. Kuta za huko ziwe fupi, bila madirisha makubwa.

Pepo nazo zinakubaliana na mpango huu. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka upande wa kusini, hivyo madirisha yanayotazamana kaskazini na kusini hupitisha hewa misimu yote miwili. Mchongaji akae upepo umpite ubavuni. Ukimpiga mgongoni, mwili wake huukinga, hewa ikazunguka mbele ya kifua na kumrudishia vumbi puani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vijana wanaopiga msasa kutwa nzima wanastahili kulijua hili.

Gogo la mpingo, zito hadi linazama majini, lataka kinyume cha mchongaji: lisipigwe na upepo. Maji ya mti hutoka kwenye ncha zilizokatwa kwa kasi mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni. Ncha zikikauka mapema, gogo hupasuka, na kazi ya wiki kadhaa ikaingia ufa. Zipakwe nta au rangi, magogo yalazwe kivulini pasipo na upepo.

Bati lililopigwa jua laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi na kummiminia mtu joto kichwani hata penye upepo, kwa hiyo dari ni ya lazima, hata ikiwa ya mikeka. Na kabla fundi hajakata mbao za kenchi, mpe vipimo viwili vya upenu: mita 1.2 kaskazini, sentimita 60 kusini.