Wiki Mbili Zisizo na Mimba

Barua ya mwezi huu imetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Mumewe ni dereva wa lori la Lubumbashi, na aliingia nyumbani tarehe 27 Januari baada ya miezi miwili barabarani. Tarehe 7 Machi dada alikwenda kliniki. Nesi akamuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, akajibu 10 Januari, na kwenye kadi ikaandikwa wiki 8. Siku hiyo hiyo akapimwa ultrasound, akaambiwa wiki 7. Jioni shemeji akaisoma kadi, akahesabu kwa vidole, na tangu hapo analala sebuleni. "Nani mkweli," anauliza dada, "na mimi nijiteteeje?"

Yai na mbegu vinavyokutana tulifundishwa sote shuleni, sina haja ya kurudia. Twende kwenye hesabu. Kanuni ya nesi ni hii: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. 10 Januari inakuwa 17 Oktoba, siku 280. Kanuni hiyo ina jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1851, zama ambazo hakuna aliyejua yai la mwanamke hutoka siku gani. Hedhi ndiyo alama iliyoonekana kwa macho, basi hesabu ikaanzia hapo na imebaki hapo. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo kwenye kadi ya kila mjamzito hazina mimba. Tena ni mbili kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mzunguko wa dada yetu ni wa siku 35.

Hebu tupande Noah pale Mombo, twende Lushoto. Noah haina saa ya kuondoka, inaondoka ikijaa. Unaweza kukaa kitini dakika kumi, unaweza kukaa saa mbili, ukinunua maji na karanga dirishani. Lakini likishang'oka gari, mlima ni ule ule na kona ni zile zile. Mwenyeji wako anayekuona unashuka Lushoto hawezi kujua ulifika stendi saa ngapi. Uliondoka saa ngapi anajua: anatoa muda wa mlima kwenye saa ya kufika.

Nusu ya kwanza ya mzunguko ni stendi. Yai linapevuka kwa siku 10, au 14, au 21, na ugonjwa au mawazo yanaweza kulichelewesha zaidi. Nusu ya pili ni mlima. Mwaka 1924 daktari wa Japani, Kyusaku Ogino, alionyesha kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Yaani tusihesabu kwenda mbele tangu hedhi iliyopita, tuhesabu kurudi nyuma kutoka ile ijayo.

Na kwa nini mlima haubadiliki? Hapa ndipo ninapopapenda. Yai likishatoka kwenye ovari, kifuko lililokuwamo hakitupwi. Kinanywea, seli zake zinanenepa kwa mafuta, na kinageuka tezi mpya yenye upana wa sentimita 2 hivi, kama komwe ya bao. Ukiipasua, ndani ni ya manjano. Kwa Kilatini ni korpasi luteumu, mwili wa manjano, na jina lake la Kiswahili limeninyima usingizi. Kiini cha manjano? Msomaji ataona yai la kuku. Gimba? Hilo nimelizoea angani, kwenye sayari. Tezi? Siku hizi ukitamka tezi watu husikia tezi dume. Hata hivyo nashika tezi ya manjano, kwa kuwa kazi yake ni ya tezi hasa: inamwaga projesteroni kwenye damu, na homoni hiyo ndiyo inayoshikilia utando wa mji wa mimba usidondoke.

Tezi hii inazaliwa na mafuta ya safari moja. Baada ya wiki mbili hivi tangi linakauka, projesteroni inashuka, utando unaachia, hedhi inaingia. Ila mimba ikitunga, kijusi kichanga hutuma homoni yake, ile inayosomwa na kipimo cha mkojo, na tangi linajazwa upya njiani. Tezi inaendelea hadi kondo la nyuma liweze kazi, kisha inasinyaa na kubaki kovu jeupe. Wiki hizo mbili hupungua au kuzidi siku chache, na watoto wachache tu huzaliwa siku iliyoandikwa.

Sasa dada yetu. Hedhi yake ingeingia 14 Februari. Rudi nyuma siku 14: 31 Januari, siku nne tangu lori liegeshwe. Kutoka hapo hadi 7 Machi ni siku 35, mimba ya wiki 5. Ultrasound ilisema 7 kwa sababu mashine hupima urefu wa kijusi, kama sentimita 1, kisha hujumlisha zile wiki mbili ili iende sambamba na kadi. Tarehe ya kujifungua isogezwe hadi 24 Oktoba.

Dada, mpelekee shemeji ukurasa huu pamoja na kalenda ya ukutani. Aweke kidole chake mwenyewe kwenye 14 Februari, arudi nyuma.