Rekodi za Mikataba Zilizo Kwenye Turubai la Mitumba

Jioni ikifika, kando ya barabara ya Outering hapa Donholm, Nairobi, muuza mitumba anakata kamba za bale juu ya turubai na wateja wanainama kabla nguo hazijatua. Aliyewahi anaondoka na kamera, yaani nguo bora; aliyechelewa anaokota fagia, yaani masalia. Ukitaka kujua ni mikataba gani ya biashara imeweka rekodi Afrika Mashariki, anzia kwenye turubai hilo.

Mkongwe ni ule wa tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar, na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Ushuru wa bidhaa zinazoshushwa uliwekwa asilimia 5. Vitambaa vya pamba kutoka Massachusetts vikafurika pwani hadi nguo yenyewe ikaitwa merikani. Waingereza walipata mkataba wao 1839, Wafaransa 1844.

Nchi zilizowahi zaidi katika eneo huru la biashara la Afrika ni Kenya na Ghana: ziliwasilisha hati zao za kuridhia siku moja, 10 Mei 2018.

Dai lililotutisha zaidi lilitoka Mrima, Kwale. Kampuni ya Cortec ilinyang'anywa leseni ya kuchimba madini, ikaishtaki Kenya kwa mkataba wa uwekezaji na Uingereza, ikitaka zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 wasuluhishi walisema leseni haikufuata sheria tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kulindwa. Na ushindi mkavu kuliko wote ni wa Biwater Gauff, iliyoishtaki Tanzania kuhusu maji ya Dar es Salaam: mwaka 2008 iliambiwa mkataba ulivunjwa kweli, ila fidia ni sufuri.

Lakini rekodi ninayoirudia kila nikipita stejini ni ya Rwanda. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba polepole ili viwanda vyetu vifufuke. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzinyima nchi hizo AGOA, mpango wa mwaka 2000 ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ndiyo iliyotangulia kulegeza; Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake haikurudi nyuma, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Naiheshimu Rwanda kwa moyo wote. Hata hivyo, siwezi kuilaumu Kenya iliyowafikiria mafundi wa Athi River wanaoshonea soko hilo la Marekani, wala mama wa turubai ambaye bale ndiyo karo ya watoto wake. Kinachoniuma ni aina ya karatasi tuliyoiegemea. Mkataba wetu na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kazi 1 Julai 2024, unafunga pande zote mbili. AGOA ni sheria ya Marekani, iliyotungwa na Bunge lao. Rwanda ilipoadhibiwa hapakuwa na ahadi iliyovunjwa, wala mahakama ya kuiendea.