Sikiliza Pedeli Kabla ya Kununua Vipuri

Ndugu msikilizaji, juma hili nimepata barua kutoka Lushoto. Mwenye barua amerithi Land Rover ya marehemu baba yake, ya aina ile ya Series iliyotengenezwa kati ya 1948 na 1985. Injini, anasema, haina tatizo. Tatizo ni breki: hazikamati vizuri. Fundi mmoja amemshauri aweke servo, yaani kile kifaa cha kuusaidia mguu kukandamiza breki. Bei yake imemshtua. Anauliza, anunue, au azoee tu kukanyaga kwa nguvu?

Anayeijua barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo hawezi kuliita swali hilo dogo. Ni kona baada ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Wala si swali la mtu mmoja. Oktoba 2024, tamasha la Land Rover mjini Arusha lilikusanya mamia ya magari hayo, na mengi ya yale ya zamani bado yanabeba watu na mizigo vijijini.

Mimi si fundi, ni mtangazaji. Lakini nimekaa gereji nyingi nikiuliza maswali, na hili nimelielewa: Land Rover nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila servo, na zilisimama. Servo husaidia mguu tu. Haizibi panapovuja wala haikazi kilicholegea. Kwa hiyo kwanza tutafute ugonjwa.

Ukikanyaga pedeli, pampu kubwa ya breki husukuma mafuta kwenye mabomba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Silinda hizo hutanua breki shuu, nazo hujibana ndani ya dramu. Kasoro yoyote katika safari hiyo, mguu wako utaisikia.

Pedeli ikienda chini sana, lakini ukikanyaga mara ya pili ikapanda, mara nyingi breki zinataka kukazwa tu. Shuu zimelika, zimekuwa mbali na dramu. Nyuma ya gurudumu kuna nati ya kukazia. Unaizungusha mpaka gurudumu ligome, kisha unailegeza kidogo mpaka lizunguke huru. Kazi hii haihitaji kipuri hata kimoja.

Pedeli ikibonyea kama sifongo, kuna upepo ndani ya mabomba, nao lazima utolewe. Ikizama polepole huku umeikanyaga, mafuta yanavuja mahali, au mipira ya ndani ya pampu kubwa imechoka. Ikiwa ngumu lakini gari halisimami, tazama kama shuu zimelowa mafuta au zimeng'aa kama kioo, au kama silinda za magurudumu zimeganda kwa kutu. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja halifanyi kazi sawa na mwenzake. Na gurudumu likibaki limebanwa baada ya kuachia pedeli, shuku mpira wa breki: wa zamani huvimba kwa ndani na kuziba njia.

Sasa mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunywa unyevunyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanywa maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yakachemka, mvuke ukajaa kwenye mabomba na pedeli ikazama. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Na wale wanaojazia maji ya sabuni au oili ya injini waache. Oili huvimbisha mipira, maji huleta kutu.

Kuna watakaosema, breki ya mguu ikigoma nitavuta ya mkono. Hapana, ndugu yangu. Katika Land Rover hizo breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Imewekwa kwa kuegesha. Ukiivuta gari likiwa katika mwendo unaweza kuvunja shafti, na ikivunjika breki hiyo haina tena cha kushika. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haitazuia gari kusogea. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini.

Jambo jingine: nyingi ya gari hizo zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Kwa hiyo tone lolote la mafuta kwenye gurudumu ni jambo la kusimamisha safari. Na ukifungua dramu, usipulize lile vumbi. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Kwa hiyo nakujibu, ndugu wa Lushoto: servo isubiri. Anza na kukaza, fuata mafuta, kisha mipira na silinda, mwisho shuu na dramu. Upepo na silinda mwachie fundi anayejua, na usimame naye. Jaribu gari uwanjani, mahali tambarare, mwendo wa pole, kabla ya kuliteremsha. Hata likipona, teremka kwa gia ndogo ili injini ishike sehemu ya uzito. Na mpaka siku hiyo ifike, usipakie abiria hata mmoja, hata akiwa jirani mwenye haraka ya kuwahi basi Mombo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.