Chumba cha chini ya ardhi: Kazi kubwa ni kabla ya kumwaga zege

KWA mwenye nyumba aliye na ploti ya futi 50 kwa 100, wazo la kuongeza chumba huishia kwenye hesabu ngumu. Akijenga kando, anaumeza ua uliobaki. Akijenga juu, anaambiwa kuwa msingi uliopo uliwekwa kwa ajili ya nyumba isiyo na orofa. Ndipo wengine huanza kutazama chini. Katika sehemu zenye miinuko za Kiambu, Murang'a na viunga vya Nairobi, ambako ploti nyingi huteremka kutoka barabarani kuelekea bondeni, wazo la kuongeza sebule juu na stoo au chumba cha kulala chini yake, kwa kuta za zege lililomwagwa papo hapo, huwa na mvuto wa pekee.

Aghalabu mwenye wazo hilo hukusudia kuisimamia kazi mwenyewe, akiwa na fundi mmoja na vibarua kadhaa, ili aepuke gharama ya mwanakandarasi. Si wazo la kipuzi. Hata hivyo, ukuta wa chini ya ardhi si ndugu wa ule wa juu. Ukuta wa juu hubeba paa. Wa chini huibeba nyumba iliyo juu yake na papo hapo husukumwa ubavuni na udongo na maji, mchana na usiku, muda wote wa uhai wake. Ukikosewa, hauponi kwa plasta. Kwa sababu hiyo, takriban maamuzi yote ya maana hufanywa kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Uamuzi wa kwanza ni kama chumba hicho kinafaa kuwepo kabisa. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kiambu hupitisha maji vizuri na haubadiliki sana kati ya kiangazi na masika. Udongo mweusi unaonata wa Athi River, Syokimau na uwanda wa Kano ni kiumbe kingine: hufura unapolowa, ukapasuka unapokauka, na kila unapofura huusukuma ukuta kwa nguvu ambayo mjengo mdogo haukuandaliwa kuihimili. Aidha, kuna sehemu, kama zile za chini za mji wa Kisumu, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi. Chumba kilichochimbwa humo huwa kama mashua. Kikiwa chepesi kuliko maji kinayoyasukuma kando, hutaka kuelea.

Mtaalamu wa udongo hutoboa tundu jembamba linalopita kina cha sakafu inayokusudiwa, akachukua sampuli, na bomba linaweza kuachwa ndani ya tundu hilo ili kina cha maji kipimwe. Kipimo cha Februari pekee ni cha kujidanganya. Kinachohitajika ni cha Mei, mvua ndefu zikiwa zimeshaloweka ardhi.

Kwa maoni yangu, mwenye ploti tambarare afikirie tena, hasa ikiwa udongo ni mweusi. Pesa atakazozizika chini huenda zikatosha kuimarisha msingi na kujenga juu. Mwenye ploti ya mteremko ana bahati, kwa sababu upande wa bondeni wa chumba chake unaweza kubaki wazi, wenye mlango na madirisha, na maji yakapata njia ya kutoka yenyewe bila pampu.

Jambo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, nalo ni nyumba ya zamani. Nyongeza hujengwa ikiwa imeambatana na nyumba ambayo watu wanaishi ndani yake. Tuseme sakafu mpya itakuwa mita 2 chini ya kitako cha msingi wa zamani. Wahandisi huuchukulia uzito wa nyumba kuwa unatawanyika kutoka kitako hicho kwenda chini na nje kwa mteremko wa takriban nyuzi 45. Maana yake ni kwamba chimbo lolote lililo ndani ya mita 2 kutoka msingi linauondoa udongo uleule unaoishikilia nyumba. Ukuta hautaanguka siku hiyo. Huenda ukasimama wiki nzima, kisha mvua moja ikanyesha usiku.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kusogea mbali, chumba cha chini kikakaa nje ya mstari huo na kuunganishwa na nyumba kwa ujia au ngazi. Ya pili ni kuushusha msingi wa zamani kwa kuchimba chini yake vipande vya upana wa takriban mita moja, kimoja kimoja na visivyopakana, kila kimoja kikijazwa zege na kuachwa kikauke kabla ya kingine kuguswa. Hiyo ya pili si kazi ya mwenye nyumba wala ya fundi wa mtaani, hata awe na uzoefu wa miaka 30. Ni ya mhandisi wa miundo na watu wake.

Shimo lenyewe lina hatari yake. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzani wa karibu tani 1.8, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mapafu avute pumzi. Shimo la kina cha mita 1.5 au zaidi halifai kuingiwa bila kingo zake kulazwa kwa mteremko au kuegemezwa kwa mbao na nguzo, na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Isitoshe, huo udongo ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Chumba cha mita 4 kwa 5 kwa ndani, ukiongeza unene wa kuta na nafasi ya mafundi kupita kwa nje, huhitaji shimo la mita 5.6 kwa 6.6. Kwa kina cha mita 2.8 hizo ni mita za ujazo zipatazo 103, nazo zikishachimbwa hufura zikakaribia 130. Lori linalobeba mita 8 za ujazo litakwenda safari 16, nalo lazima lipate pa kupitia.

Baada ya udongo, maji. Nilipokuwa nikiongeza vyumba kwangu miaka kadhaa iliyopita, mhandisi alizunguka nyumba mara mbili kimya, kisha akauliza, "Mzee, maji ya hili paa huenda wapi?" Sikuwa na jibu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100 hutoa lita 5,000, na zangu zote zilikuwa zikitua palepale nilipotaka kuchimba. Dawa ya kwanza dhidi ya unyevu, kwa hivyo, ni mfereji wa paa na bomba la kuyapeleka maji mbali. Kisha huja utando wa lami unaopakwa au kubandikwa upande wa nje wa ukuta, safu ya kokoto safi nyuma yake, na bomba lenye matundu lililolazwa kando ya kitako cha ukuta likiteremka hadi pa kutokea. Pale sakafu inapokutana na ukuta, mahali ambapo maji hupenda kupenyea, huwekwa ukanda maalumu wa mpira unaozama nusu katika zege la chini na nusu katika zege la juu. Kupaka dawa upande wa ndani baadaye, ukuta ukishaanza kutoa jasho, ni kumtibu mgonjwa kwa kumfuta kamasi.

Kuhusu nondo, kuna kosa lisiloonekana kwa macho. Fundi aliyezoea kuta za kawaida huzisimamisha katikati ya unene wa ukuta. Zege hustahimili kubanwa lakini ni dhaifu linapovutwa, na nondo zinatakiwa ziwe upande unaovutwa. Ikiwa ukuta umeshikwa chini na sakafu na juu na dari ya zege, udongo huutunisha kuelekea ndani, hivyo upande wa ndani ndio unaovutwa. Ikiwa juu hakuna kinachoushika, ukuta husimama kama mtu anayesukumwa akiwa amekita miguu, na upande wa nje ndio unaovutwa, hasa karibu na kitako. Ni mchoro wa mhandisi unaoamua, si mazoea.

Siku ya kumwaga zege yataka jeshi. Kuta za chumba tulichotaja, zikiwa na unene wa milimita 200 na kimo cha mita 2.4, humeza mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa saruji sehemu moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu, hiyo ni mifuko 72 hivi ya kilo 50. Mashine ndogo inayokoroga mfuko mmoja kwa dakika tano itafanya kazi saa sita mfululizo, na haifai kusimama, kwa kuwa zege jipya likimwagwa juu ya lililokwisha kushika huacha mshono ambao maji hayatakosa kuuona. Mashine ya pili iwe tayari kando, pamoja na mafuta, maji ya tangi na turubai.

Zege likiwa bichi husukuma mbao zinazolizuia kama maji mazito. Kuta hizo zikijazwa mara moja hadi juu, sehemu ya chini hupata msukumo wa karibu tani 5.7 kwa kila mita mraba. Ndiyo maana humwagwa kwa matabaka ya nusu mita yakizunguka chumba chote, kila tabaka likitikiswa kwa mashine ili hewa itoke. Na vibarua wasiruhusiwe kuongeza maji kiholela. Mfuko wa kilo 50 unahitaji lita zipatazo 25, yakihesabiwa na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi. "Mzee, ikiwa nyepesi inateremka vizuri," fundi wangu aliniambia. Alisema kweli, huteremka vizuri, kisha maji ya ziada yakikauka huacha vitundu.

Kisheria, kusimamia kazi mwenyewe hakumwondolei mtu wajibu. Sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya 2019 inahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya ujenzi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili miradi na wanakandarasi. Michoro ya msanifu na mhandisi haikwepeki. Kile mwenye nyumba anachoweza kukifanya kwa mikono yake, na kuokoa pesa kweli, ni kununua vifaa kwa wakati ufaao, kusimamia uchimbaji, kuweka bomba na kokoto za nje, na kulimwagilia zege maji kwa siku saba au zaidi baada ya mbao kuondolewa.

Halafu azuie mikono isirudishe udongo mapema. Ukuta uliokusudiwa kushikwa na dari hauna budi kungoja dari hiyo imwagwe na ikomae. Nguvu za zege hupimwa baada ya siku 28. Ukirundikiwa udongo ungali peke yake unaweza kupasuka. Udongo nao hurudishwa kwa matabaka membamba yanayoshindiliwa kwa mkono, kokoto zikitangulia ukutani, na trekta likae mbali na ukingo.